Geita ina haki ya picha zisizo na twiga

Ingia duka lolote la picha za watalii, liwe la Mwanza, Arusha au Dar es Salaam, utakuta ukutani mambo yaleyale: twiga wawili shingo zimepishana, tembo mbele ya Kilimanjaro, morani na mkuki wake, jua jekundu linazama nyuma ya mbuyu. Picha hizo zimesomesha watoto na kujenga nyumba, na sina ugomvi na anayezichora. Edward Said Tingatinga alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi na kwa rangi za baiskeli, hakuwa na chuo nyuma yake wala mfadhili, na alichokianzisha kingali kinawalisha wengi zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake mwaka 1972. Tatizo ni pale njia moja ya kuchora inapogeuka kuwa njia pekee. Mkoa wa Geita, ambao milima yake inachimbwa usiku na mchana na udongo wake kusagwa, kuoshwa na kusagwa tena, una mambo ya kusema ambayo twiga hawezi kuyasema. Nadai kwamba wachoraji wa Kanda ya Ziwa wanahitaji uchoraji wa dhahania, ule usioegemea sura ya kitu, na kwamba wana haki nao kama mtu anavyokuwa na haki na shamba la babu yake.

Jina la uchoraji huu, katika umbo lake lililotikisa dunia, lilitoka New York baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1946 mhakiki Robert Coates aliwaita wachoraji wachache wa mji huo wana-ekspreshonizimu wa dhahania, na jina likawaganda. Jackson Pollock, kuanzia mwaka 1947, alitandika turubai sakafuni akazunguka pande zote nne akiidondoshea rangi, nyingine ikiwa rangi ya kawaida ya nyumba kutoka kwenye kopo. Mark Rothko aliweka mawingu mapana ya rangi mbili tatu, moja juu ya nyingine, yakajaza ukuta mzima mpaka anayetazama asijue amesimama nje ya picha au ndani yake. Lee Krasner alichana kazi zake za zamani na kuziunga upya. Willem de Kooning alikuwa ameingia Marekani mwaka 1926 kwa kujificha melini, na Rothko alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Latvia, kwa hiyo hata huo Umarekani wao ulikuwa wa wahamiaji. Walichokibadilisha ni kazi ya picha yenyewe. Kabla yao mchoraji aliulizwa, umechora nini? Baada yao aliweza kuulizwa, umefanya nini na rangi hii, uzito wake, kasi ya mkono wako, ukubwa wa turubai yako, na kimenifanya nini mimi ninayetazama? Ruhusa hiyo haijafutwa mpaka leo. Iko katika turubai zilizoning'inizwa bila fremu za mchoraji Sam Gilliam, na iko katika kazi za Julie Mehretu, mzaliwa wa Addis Ababa, ambaye nitamrudia.

Pingamizi la kwanza linajulikana: hii ni sanaa ya Wazungu, tuwaachie wenyewe. Wanaosema hivyo hawajaangalia wachoraji wale walikuwa wakitazama nini walipokuwa vijana. Jumba la Sanaa za Kisasa la New York lilifanya onesho kubwa la sanaa za Afrika mwaka 1935. Mwaka 1937 likaonesha nakala za michoro ya miambani ya Ulaya na Afrika kutoka hazina ya Mjerumani Leo Frobenius. Mwaka 1941 likawaleta Wanavaho, wenyeji wa asili wa Marekani, wakachora kwa mchanga wa rangi mbele ya wageni, sakafuni, kama wanavyofanya katika tiba zao. Pollock mwenyewe aliandika kwamba namna yake ya kuizunguka turubai inafanana na ya wachoraji wa mchanga wa magharibi ya nchi yake. Katika picha yake ya mwaka 1948 inayoitwa Namba 1A aliacha alama za viganja vyake upande wa juu, jambo ambalo binadamu wa mapangoni walilifanya maelfu ya miaka kabla yake. New York iliazima, na ilijua inaazima.

Na mfano wa alichokiazima mtu wa New York uko mlangoni petu. Ziwa Viktoria limezungukwa na miamba yenye michoro isiyo na mnyama wala mtu. Nyero, katika wilaya ya Kumi nchini Uganda, kuna miduara myekundu iliyo ndani ya miduara mingine, safu kwa safu. Katika kisiwa cha Mfangano upande wa Kenya, maeneo ya Mawanga na Kwitone, kuna miduara na mizunguko ya rangi nyekundu na nyeupe. Wanaakiolojia wengi wanaihusisha michoro hiyo na jamii za wawindaji zilizokaa kandokando ya ziwa kabla ya wakulima na wafugaji, na mtafiti J. H. Chaplin alikusanya kumbukumbu za maeneo mengi ya aina hiyo katika kazi iliyochapishwa mwaka 1974. Ukivuka kwenda Rwanda kuna imigongo, mbao na kuta zilizopambwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, zenye pembe kali za rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Hakuna ndani yake nyumba wala mbuzi. Kuna mpangilio tu, na mpangilio huo unatosha.

Usukumani kwenyewe ushahidi ni wa kina zaidi, na ni wa kusikitisha kwamba watu wengi wa Geita na Shinyanga hawajawahi kuusikia. Mwaka 1953 Hans Cory, Mwaustria aliyefanya kazi ya utafiti wa mila kwa serikali ya kikoloni na kuishi muda mrefu Mwanza, alichapisha kitabu kizima juu ya michoro ya ukutani ya Bayeye, chama cha wacheza na nyoka. Michoro hiyo ilikuwa ndani ya nyumba za chama, mahali ambapo wanachama wapya walifundwa. Ndiyo, ina nyoka na watu. Lakini watu wake hawakanyagi ardhi, hakuna upeo wa macho, hakuna karibu wala mbali. Maumbo yanaelea ukutani kwa utaratibu ambao aliyefundwa aliusoma na asiyefundwa aliuona kama madoa. Hakuna aliyewauliza Bayeye kwa nini picha zao hazieleweki na kila mpita njia. Ilieleweka kwamba picha ina elimu yake, na elimu hiyo hupatikana kwa kukaa nayo. Na kama mtu atasema hayo ni ya kale, aende kwa wachongaji wa Kimakonde Mwenge, Dar es Salaam. Pale pale panapochongwa mti wa ujamaa wenye watu waliobebana, huchongwa pia mtindo wa mawingu, ambao Clementi Ngala anatajwa kuwa mwanzilishi wake: mpingo uliopindwa na kutobolewa mpaka haufanani na chochote isipokuwa mwendo wenyewe. Vinyago hivyo vimekaa sebuleni kwa Watanzania kwa miongo, na sijasikia mtu akivilalamikia kwamba havina sura.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa watu wanaosoma historia. Wanasema uchoraji wa New York ulikuwa silaha ya Vita Baridi: Marekani iliutembeza Ulaya mwaka 1958 na 1959 kama ushahidi kwamba kwake msanii yuko huru, huku Shirika la Ujasusi la nchi hiyo likipitisha fedha za utamaduni kwa siri kupitia Kongamano la Uhuru wa Utamaduni. Jambo la fedha hizo ni kweli, na lilifika hadi kwetu. Jarida la Transition, lililoanzishwa Kampala na Rajat Neogy mwaka 1961, lilipata fedha za Kongamano hilo. Kituo cha Chemchemi cha Nairobi, kilichoongozwa na mwandishi Es'kia Mphahlele kuanzia mwaka 1963, nacho vilevile. Siri ilipofichuka miaka ya 1966 na 1967, wengi waliumia kwa haki. Hata hivyo fedha ya mtu si fikra ya mtu. Mchoraji Elimo Njau wa Marangu alifanya kazi Chemchemi kisha akaanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mwaka 1965, akitumia maisha yake yote kuwasihi wasanii wa Afrika wasinakili, na hakuna anayeweza kusema ujumbe huo uliandikwa Washington. Wachoraji wa New York wenyewe hawakuwa watoto wapendwa wa dola. Mwaka 1949 mbunge George Dondero wa Michigan alisimama bungeni akadai sanaa ya kisasa ni njama ya kikomunisti ya kuiharibu Marekani. Picha ileile iliitwa ya kikomunisti leo na ya kibepari kesho, kwa sababu haina maneno ya kumzuia mwanasiasa asiitumie. Huo ni udhaifu wake, nakubali. Lakini ni udhaifu ambao ngoma na wimbo pia vinao, na hatujaacha kucheza.

Kuhusu lile la kwamba hata mtoto anaweza kuchora hivyo, nitakuwa mfupi. Norman Lewis, mchoraji mweusi wa Harlem aliyekuwa miongoni mwa kundi hilo na ambaye historia ilimsahau kwa muda mrefu, alipeleka picha yake ya ndege wanaohama, iliyo karibu kabisa na dhahania, kwenye onesho la kimataifa la Carnegie huko Pittsburgh mwaka 1955. Ilishinda tuzo ya kura za wageni. Pittsburgh ulikuwa mji wa viwanda vya chuma. Mtu wa kawaida akipewa nafasi ya kusimama mbele ya kazi nzuri, anaiona. Anayemdharau kwamba hawezi ndiye mwenye tatizo.

Sasa turudi Geita, maana hoja ya jumla haina faida kama haigusi udongo. Mgodi wa enzi za ukoloni ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000, na mashimo kama Nyankanga yakafanya pengo mahali palipokuwa kilima. Pembeni yake, Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kwingineko, wachimbaji wadogo wanashuka kwenye mashimo yao, maduara, makarasha yanasaga mawe toka alfajiri, mialoni mawe yaliyosagwa yanaoshwa, na marudio, yaani mabaki ya kuosha, yanakusanywa yaoshwe tena. Dhahabu hunaswa kwa zebaki, kisha zebaki huchomwa na kupaa kama mvuke. Mvuke huo hauonekani wala haunuki, na ndiyo maana ni hatari: unaingia mapafuni mwa mama aliyekaa na mtoto mgongoni bila yeyote kushtuka. Mchoraji wa sura atakuchorea mama, mtoto na karai. Atachora vizuri. Lakini mvuke, ambao ndio habari yenyewe, atauacha nje ya picha kwa sababu hauna umbo. Vivyo hivyo muda wa kusubiri duara litoe, mtetemo wa baruti unaopita chini ya sakafu za nyumba, matumaini yanayomtoa kijana Maswa au Kahama na kumweka porini kwa miaka. Mambo haya yana uzito, kasi, joto na kina, na hizo ndizo lugha ambazo uchoraji wa dhahania ulizinoa kwa kusudi. Nasema hivi bila kudharau picha za maonyo za idara za afya. Zile zinakuambia usifanye nini. Picha ninayoitaka ingekufanya uhisi umesimama wapi.

Atakayedhani kwamba dhahania haiwezi kusema jambo mahususi, la ardhi hii na si nyingine, atazame Australia, nchi ya migodi kama sisi. Mwaka 1997 wazee wa jangwa la Great Sandy, waliokuwa wakidai haki ya ardhi yao mbele ya baraza la sheria, walichora kwa pamoja turubai ya mita 8 kwa 10, inayoitwa Ngurrara. Mgeni anaona duara, mistari na mabaka ya rangi kali. Wao waliona visima, njia na mipaka, na kila mmoja alisimama juu ya sehemu yake akatoa ushahidi kwa lugha yake. Mwaka 2007 haki yao ilitambuliwa. Picha isiyo na mti wala nyumba iliwekwa mezani kama hati. Walichora kutoka katika mila yao, hawakuhitaji mwalimu kutoka New York. Lakini macho ya dunia yasingekuwa tayari kuipokea turubai ile kama kazi kubwa kama Pollock na wenzake wasingekuwa wameyazoesha kwa miaka 50. Naye Mehretu, aliyeondoka Ethiopia akiwa mtoto mwaka 1977, alichora picha mbili kubwa mno kwa ajili ya jumba la sanaa za kisasa la San Francisco, zikakamilika mwaka 2017. Chini kabisa kuna mandhari za nchi ya magharibi ya Marekani na picha za habari za ghasia za miaka ya karibuni. Juu yake kuna alama nyeusi zilizokwaruzwa na kufutwa, tabaka juu ya tabaka. Ardhi ile ilivamiwa na watafuta dhahabu tangu 1848. Mtu wa Geita angeielewa kazi hiyo haraka kuliko wengi.

Kuna wanaosema, na wana sababu, kwamba mkoa wenye upungufu wa madarasa na maji hauna fedha ya kuchezea rangi. Sidai jumba la sanaa la mabilioni. Nakumbusha tu kwamba Australia iliponunua picha ya Pollock iitwayo Blue Poles mwaka 1973 kwa dola milioni 1.3 za nchi hiyo, magazeti yalimshambulia waziri mkuu Whitlam kwa kufuja mali ya umma, na leo picha hiyo inahesabiwa kuwa hazina. Kwetu gharama ni ndogo sana kuliko hiyo. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Madarasa na zahanati zimejengwa kwa njia hiyo, na zitangulie daima. Lakini darasa likishajengwa lina kuta, na chumba kimoja cha kuchorea katika sekondari moja ya kila wilaya, Geita, Chato, Bukombe, Mbogwe na Nyang'hwale, hakitazuia zahanati hata moja. Mtaala uliotangazwa mwaka 2023 umelipa somo la sanaa nafasi shuleni. Nafasi hiyo isiishie kwenye kuchora bendera na chungu.

Lazima niseme pia ninachokiogopa. Ushawishi wa wachoraji wa New York umezaa, kila bara, wachoraji wanaomwaga rangi kwa sababu Pollock alimwaga. Huko ni kurudi dukani kwa watalii kwa mlango mwingine. Anayetaka kufuata mfano wa kweli amtazame mchoraji Everlyn Nicodemus, aliyezaliwa Marangu mwaka 1954 na kuishi Sweden, Ubelgiji na sasa Edinburgh. Katika miaka ya 1980 alikaa na wanawake wa Denmark, Tanzania na India, akasikiliza maisha yao, kisha akarudi na picha ambazo miili yao imeyeyuka kuwa mistari na rangi, kwa sababu aliyoyasikia hayakuenea ndani ya sura ya mtu mmoja. Alianza na kusikiliza, namna ya kuchora ikaja baadaye. Mchoraji wa Geita aanze vivyo hivyo: mwaloni, kwenye karasha, kwa wachimbaji, wanaapolo, na kwa wake zao. Rangi asiitafute mbali, kwani udongo mwekundu na chokaa nyeupe ya Usukumani vimepaka kuta kwa vizazi. Ila asiguse marudio, yana sumu, na picha yoyote haina thamani ya figo ya aliyeichora.

Kila mwaka Geita hufanya maonesho ya teknolojia ya madini katika viwanja vya Bombambili. Wanaonesha mashine za kuchoronga, mitambo ya kuchenjua, benki na bima. Nawaomba waandaaji na ofisi ya mkoa watenge ukuta mmoja wa mbao katika maonesho yajayo, wanunue makopo ya rangi, wawaite vijana wa mkoa huu wanaochora mabango na kuta za saluni mitaani, wawape siku zote za maonesho na wasiwape mada. Wasiwaambie wachore mchimbaji mwenye kofia ngumu anayetabasamu. Na mwananchi atakayepita pale asiulize kwanza ni picha ya nini. Asimame kidogo, atazame, kisha amuulize aliyeichora alikuwa amesikia nini kabla hajaanza.